Mahame Yaliyofagiliwa

Mama alisema hataki kuzikwa Nunguni. Alisema akichambua maharagwe, bila kuinua macho, kana kwamba anatuambia chumvi imekwisha. Tukamkumbusha kwamba Baba yuko hapa, nyuma ya nyumba, na kaburi lake tumelijengea vizuri kwa saruji. "Baba yenu ana watu wa kumtembelea," akajibu. "Ndinda hana mtu."

Ndinda ni dada yangu ambaye sikuwahi kumwona. Ndiye mtoto wa kwanza wa Mama. Alikufa kabla hajasimama dede, huko Tulia, upande wa Kitui, walikokuwa wakiishi wazazi wangu kabla ukame haujawafukuza wakaja kutafuta maisha huku milimani Makueni. Alizikwa ubavuni mwa nyumba, pale maji ya mvua yalipokuwa yakidondoka kutoka kwenye paa. Mama alitwambia tu kwamba alimwekea alama. Alama gani, hakusema, na katika nyumba yetu jina la Ndinda likitajwa watu hawaulizi maswali.

Sasa kulikuwa na tatizo. Ardhi ile ya Tulia ilikuwa inapimwa ili watu wapate hati, na jirani mmoja aitwaye Mulwa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akilima kipande cha ardhi hiyo, aliiambia kamati kwamba pale hapajawahi kuwa na boma, palikuwa pori tu. Waliotujua wengi wamekufa, na waliobaki kila mmoja alisema lake. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Munyoki, alinipigia simu akasema wamechoka na maneno. Watakuja Alhamisi kuangalia chini. Kama watu waliishi hapo, mahame yataonekana: misingi, jiko, zizi, chochote. Yasipoonekana, ardhi ni ya anayeilima, na Mama atazikwa Nunguni apende asipende.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, wanaonijua wanajua. Nina kibanda cha miche ya parachichi pale sokoni, na Mama husema siku mche wangu utakapokufa kwa maji mengi nisimtafute mchawi. Basi nilimpigia simu Syombua, mke wa binamu yangu, anayeishi Tulia karibu na ardhi hiyo na ndiye mwenyekiti wa mwethya wao, kile kikundi cha kina mama kinacholimiana mashamba kwa zamu. Nikamwambia, "Tafadhali pasafishwe. Kamati isikute magugu wakasema tulipatupa." Kesho yake nikampigia tena. Na kesho kutwa. Habari za Ndinda sikumwambia. Mambo kama hayo mtu hayatangazi kwenye simu.

Jumanne asubuhi niliondoka Nunguni kwenye ukungu wetu ule wa kulowesha kope. Mfanyabiashara wa kabeji alikuwa anateremka Machakos na Probox yake, akanipa nafasi ya mbele. Kabla sijapanda nilimkuta Mama ameshatoka na fimbo yake kukagua matuta ya shamba, kama afanyavyo kila siku. Mama yangu hana ugomvi na mtu ila mwenye tuta lililopinda. Huwapita majirani akitazama matuta yao kama fundi cherehani anavyotazama pindo la mwenzake, na akiona mstari umeenda kombo hulalamika mpaka chakula cha mchana. Aliniaga akinionyesha kwa fimbo. "Mwambie Ndinda nakuja," akasema. Nikatamani angesema tu safari njema.

Kutoka Machakos nilipanda basi la Kitui. Kadiri tulivyoteremka ndivyo nilivyovua nguo, sweta kwanza, halafu kitambaa cha shingoni, na ndivyo kijani kilivyopungua dirishani. Mito ikawa ya mchanga mtupu, na punda wakisimama katikati yake wakingoja kubebeshwa madumu. Katika safari zilizopita nilikuwa nikilala kipande hiki. Safari hii macho hayakufumba, kwa sababu nilianza kuona mahame kila mahali. Hapa kuta za tofali bila mabati, mti umeota sebuleni. Pale ngazi za saruji zinazopanda kwenda kwenye mlango ambao haupo. Kwingine mstari wa makonge tu, umenyooka mno kuwa wa porini, ukizunguka uwanja ambao mbuzi wanaula. Nilijiuliza wa kwetu walikwenda wapi wote hawa, na kama kila nyumba ile ina mtu aliyeachwa ubavuni.

Kwenye mji mdogo wa Kabati nilifika jua likielekea kuzama, nikashuka kununua sukari na majani ya chai ya kuwapelekea kina mama wa mwethya. Mwenye duka alikuwa mama mmoja Mwislamu, ambaye mumewe hununua mbuzi wa huko na kuwapeleka mjini. Akaniuliza naenda wapi na sukari yote hiyo.

"Tulia. Kuangalia boma letu la zamani. Siku hizi ni mahame."

"Mahame?" akacheka kidogo. "Sisi kwetu tukihama tunabeba nyumba juu ya ngamia. Hatuachi kitu cha kuangalia." Halafu akaona uso wangu, akaniongezea pakiti ya biskuti bila kunitoza. "Ya njiani. Usihofu, mama. Mawe haitembei."

Usiku ule nililala kwa Syombua. Alinipokea kwa kuku, akakataa kunieleza kazi ilivyokwenda. "Utaona kesho na macho yako," akasema. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi, nami nilifurahi naye. Ninapokumbuka nilivyolala fofofo usiku ule, naona aibu.

Jumatano asubuhi tulipanda kilima, Syombua mbele, mimi nyuma, na kina mama wa mwethya wakiwa wameshatangulia na sufuria ya chai. Tulipotokeza juu nilisimama. Mbele yangu kulikuwa na shamba safi kuliko shamba lolote nililowahi kuona Kitui. Hakuna gugu. Hakuna kichaka. Udongo mwekundu umefagiliwa, naam, kwa mifagio, mistari ya mifagio ikionekana. Na mteremko ulikuwa umekatwa kutoka upande hadi upande kwa matuta mapya, kingo zake zimejengwa kwa mawe yaliyopangwa vizuri, jiwe juu ya jiwe.

"Syombua," nikasema, "haya mawe mmeyatoa wapi?"

"Hapa hapa. Ilikuwa imejaa mawe, wacha tu. Zingine zimejipanga mraba, zingine duara, zinasumbua jembe. Tulitoa zote. Hiyo ya jikoni ilikuwa na masizi bado, tukaweka huko chini kwa tuta ya mwisho." Akafuta jasho, akaridhika. "Ulisema pasafishwe, tukasema tukusafishie vile watu wa Makueni hupenda. Pale tu katikati laini imepinda kidogo, utatusamehe. Tulipima na kamba na leveli lakini pale ikakataa. Sitaki uangalie hapo."

Wala sikuangalia. Nilikuwa nimeketi chini. Nyumba ya Baba, jiko la Mama, mawe ya ghala, zizi la mbuzi, vyote vilikuwa vimegeuzwa kingo za matuta siku chache kabla ya kamati. Pori lingeacha kila kitu mahali pake. Sisi tu, watu tusioweza kuona mteremko tukauacha bila tuta, ndio tungeweza kufanya jambo hili, tena bure, tena kwa upendo, kwa sababu mimi nilipiga simu mara nyingi kupita kiasi. Na nilipofikiria alama ya Ndinda, nikasikia baridi ya Nunguni kwenye jua la Kitui.

Nilipowaeleza kwamba kamati inakuja kutafuta misingi, kina mama wakayageukia matuta yao. Mmoja aliweka kikombe chake chini polepole. Syombua alifunika mdomo kwa leso.

"Lakini mbona hukusema?" akauliza.

"Nilisema pasafishwe."

"Ndiyo. Ulisema pasafishwe."

Hatukugombana. Ningewezaje kugombana na watu waliovunjika migongo kwa ajili yangu. Mmoja akatoa wazo kwamba mawe yarudishwe, na kabla sijajibu walikuwa wameshainuka. Walitoa jiwe la kwanza kwenye tuta, wakalibeba mpaka juu, hapo wakaanza kubishana. Huyu alisema lilikuwa kwenye pembe. Yule alisema hapana, pembe ilikuwa huku, karibu na kisiki. Wa tatu alisema kisiki chenyewe walikichoma. Ng'ambo ya ua wa matawi ya miiba Mulwa alikuwa amesimama, mikono nyuma, akitutazama tunavyojenga mahame. Alitoa simu yake akatupiga picha.

Nikaomba wasimame, nikapanda mwamba unaoshika mtandao, nikampigia Mama. Nilimweleza habari za nyumba na jiko, nikiziruka nilizoweza kuziruka. Nikamuuliza tuyarudishe vipi mawe.

"Wewe uliwahi kuiona nyumba yangu?" akauliza.

"Hapana, Mama."

"Basi usinijengee. Nyumba ambayo hujaiona utajenga ya nani? Wacha kamati ikute vile imekuta." Halafu akashusha sauti. "Umemwona Ndinda?"

Ningeweza kumuuliza hapo hapo alama ilikuwa nini. Lakini kuuliza kungekuwa kumwambia kwamba sijui iko wapi, na kwamba huenda imo ndani ya tuta pamoja na mawe ya zizi. "Bado, Mama," nikasema. "Jua limekuwa kali." Akasema sawa. Nilijua hakuniamini.

Siku iliyobaki nilizunguka matuta, isipokuwa pale katikati ambapo Syombua hakutaka niangalie, nikigusa mawe kwa kidole, kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye mkutano. Niliyaona yale ya jiko, meusi upande mmoja. Niliona jiwe la kusagia lenye shimo la mkono wa Mama, limetiwa katikati ya ukuta kichwa chini. Syombua alinifuata akiomba msamaha mpaka nikaanza kumwomba msamaha yeye. Habari za Ndinda zilinifika kooni mara kadhaa, nikazimeza. Niliona ukatili kuwaambia wanawake wale kwamba labda wamebeba kaburi la mtoto.

Alhamisi kamati ilikuja mapema, wazee kwa vijana, Mzee Munyoki mbele akiwa amevaa kofia na koti licha ya joto. Alitusalimia kila mmoja kwa mkono. Kisha akasimama ukingoni akatazama shamba lile safi kwa muda mrefu.

"Mama Kioko," akaniambia, "nilisema tutakuja kuangalia boma. Boma iko wapi?"

Nikamweleza ukweli wote, ila habari za Ndinda. Nikamwonyesha mawe ya jiko. Nikamwonyesha jiwe la kusagia. Mulwa alikuwa amekuja pia, akangoja nimalize, akazungumza kwa adabu.

"Mzee, sitaki kumdharau mama. Lakini hiyo jiwe hata mimi naweza beba moja nyumbani kwangu nilete hapa. Jana niliwaona wakibeba mawe kupanda nayo juu. Picha iko kwa simu."

Wazee wakatazamana. Nilimwona Mama na fimbo yake kwenye ukungu, na nikaona jinsi nitakavyoingia jikoni kesho na kumwambia.

Mzee Munyoki akajitenga nasi. Alianza kutembea kwenye matuta, moja baada ya jingine, mikono nyuma, kama anavyofanya Mama. Kumbe mzee naye ni wa chama kile kile. Alisifu kingo. Alisifu mitaro. Alipofika katikati akasimama.

"Syombua. Mwethya yenu inasifika mpaka Kabati. Hii laini imepinda kwa nini?"

Syombua akainamisha kichwa. "Mzee, hapo ni aibu yetu. Tulikuwa tunakuja tu vizuri na kamba, tukakuta vijiwe vidogo vimepangwa chini, vyeupe. Nikamwambia huyu atoe, akakataa. Nikamwambia yule, akakataa. Mimi mwenyewe nikainama nitoe, mkono ukakataa. Vilikuwa vimelazwa na mtu, mzee. Vilikuwa vimelazwa polepole. Basi tukazunguka, tuta ikapinda."

Nilisikia maneno yale kama mtu anayeamshwa. Nikateremka mbio, nikipita katikati ya wazee bila heshima yoyote, nikafika pale tuta lilipojikunja kama mkono uliokumbatia kitu. Ndani ya mkunjo ule walikuwa wameacha udongo bila kuugusa, na kwenye udongo kulikuwa na vijiwe vyeupe, laini, vimepangwa kwa urefu mdogo sana. Urefu wa mtoto ambaye hajasimama dede. Pale kilimani kila jiwe ni jekundu au jeusi.

Nikamwambia Mzee Munyoki kwamba nina dada aliyezikwa hapa akiwa mtoto, na alama yake anaijua Mama tu, nikaomba ruhusa ya kumpigia simu. Tukapanda wote mwambani, kamati nzima, Mulwa pia, nikaweka sauti ya nje. Sikumwambia Mama nani anasikiliza.

"Mama, Ndinda ulimwekea alama gani?"

"Mawe meupe," akasema. "Ya mtoni. Huko juu hakuna meupe. Niliyabeba na kiondo peke yangu, baba yako alikuwa kazini Mombasa. Nilimpangia chini ya paa, ili nikiwa ndani niwe karibu naye." Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "Kwani hayapo?"

"Yapo, Mama," nikasema. "Nayaona." Syombua akanishika bega.

Mzee Munyoki alivua kofia. Alimgeukia Mulwa, wala si kwa ukali. "Mtoto hazikwi porini. Mtoto huzikwa kwao."

Mulwa alitazama chini. "Hiyo sikujua, mzee," akasema. "Naapa sikujua. Nimelima karibu na hapo miaka yote." Aliondoka akiuzunguka ule mkunjo kwa mbali. Nilikuwa nimemchukia tangu Nunguni, na pale chuki ikanitoka.

Kamati iliandika kwamba boma lilikuwepo, na kwamba eneo lile ni la familia yetu. Tulikunywa chai ya sukari ya Kabati. Kina mama walitaka kuimba, kisha wakaona afadhali waketi tu. Kabla ya kushuka nilienda peke yangu kwenye vile vijiwe, nikamwambia dada yangu kwamba Mama anakuja, lakini si mapema, kama itawezekana.

Ijumaa nilirudi njia ile ile, Kabati, Kitui, Machakos. Mahame yalipita tena dirishani, na sasa nilikuwa nayaombea magugu. Nilijifunza kwamba wasiwasi wangu una mikono, na ukipewa fagio unaweza kufuta hata ninachokipenda. Nilijifunza pia kwamba kuna watu ambao mkono wao hukataa bila kuambiwa, nami nimekuwa ndugu yao miaka yote hiyo nikiwapigia simu za magugu tu.

Nunguni ukungu ulikuwa umeshashuka. Mama alikuwa jikoni, amenisubiri na uji. Nilimweleza yote, na safari hii sikuruka kitu.

"Nyumba yote wamefagia?" akauliza.

"Yote."

"Na jiko?"

"Na jiko. Jiwe lako la kusagia limo ndani ya tuta, kichwa chini."

Akatikisa kichwa. "Na yeye?"

"Yeye walimzunguka. Walikuwa na kamba na leveli, Mama, na bado wakalipinda tuta."

Mama yangu, ambaye hajawahi kumsamehe mtu tuta lililopinda, alinitazama. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akaweka kikombe chini.

"Mpigie Syombua," akasema. "Mwambie wasije wakalinyoosha."